Redio ya Masafa Mafupi

Kama wewe ni wa rika langu na ulikulia milimani, harufu ya betri iliyoanikwa juani huhitaji kuelezwa. Ni harufu ya chuma kilichopata joto, ina ukakasi kidogo, na ukiivuta unaihisi mpaka kwenye ulimi, hasa kama ulikuwa miongoni mwetu sisi tuliozing'ata betri ili zirudishe nguvu. Juzi nilikuwa napekua sanduku la vitambaa hapa kwangu Vwawa. Chini kabisa, chini ya mabaki ya vitenge ambayo kila mwaka najiambia nitayashonea kitu, nikakuta mkoba wa ngozi wenye matundu madogo upande wa mbele. Nikafungua kifungo chake. Ile harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa sakafuni na mkasi mkononi, na mteja aliyekuwa anasubiri gauni lake akaniuliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi Ikinga.

Ndani ya mkoba ule mna redio ya bendi mbili, ya betri nne. Ilikuwa ya shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu sijajua hata kulitamka neno shangazi. Mama aliugua sana baada ya kumzaa mdogo wangu, baba akawa amekwenda Nanyala kutafuta kazi kwenye matanuri ya chokaa, na shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto, akanifunga mgongoni akanipeleka kwake Ikinga. Kwa hiyo mgongo ninaoukumbuka mimi ni wake. Nikiweka sikio pale niliweza kusikia wimbo kabla haujatoka mdomoni.

Shangazi alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa. Kila Jumapili kulipopambazuka, kabla ya ibada, redio ilikuwa na kipindi cha kwaya, naye alikaa kwenye kigoda na daftari gotini akinasa nyimbo. Wakati huo hakuruhusiwa mtu kukohoa. Wiki inayofuata kwaya ya Ikinga ilikuwa na wimbo mpya, na makanisa ya jirani yalikuwa bado yanaimba yaleyale ya mwaka juzi. Jambo hilo lilimfurahisha shangazi kuliko inavyofaa kwa mwalimu wa kwaya, na hakujaribu kulificha.

Alikuwa pia mtu wa njia. Arusi, msiba, kwaya fulani imemwita akawasaidie sauti ya pili, mtu kajifungua upande wa pili wa mlima: yeye huyo anakwenda, na mimi nyuma yake, na redio. Kubeba redio njiani kuna utaratibu wake, na kwake ule utaratibu ulikuwa sheria. Kikapu kinakaa kichwani juu ya ngata. Mkoba wa redio unaning'inia upande wa kushoto, kamba yake imekatiza kifuani ili usipige nyonga. Kwenye mpando ni taarifa ya habari, kwa sababu anayepanda hana pumzi ya kuongea, bora asikilize. Kwenye mteremko ni muziki. Bondeni redio inazimwa, maana bondeni hakuna kinachokamata isipokuwa mkwaruzo, na mkwaruzo unakula betri sawasawa na wimbo. Redio ikishazimwa, shangazi aliendelea mwenyewe. Aliushika wimbo pale ulipokatikia, akauimba mpaka tulipopanda tena, ndipo aifungue redio tuone wenyewe wamefika ubeti gani. Mara nyingi walikuwa wameshaingia kwenye matangazo.

Watu wa mashambani walimjua. Mtu alisimamisha jembe akauliza, "Mama Redio, leo wamesema nini?" Naye alisimama na kikapu chake kichwani akawapa habari zote: waziri kaenda wapi, timu gani imefungwa, mvua itanyesha mikoa ipi. Pale ambapo hakusikia vizuri alijazia. Siku moja nilimsikia akimpa mwanamke mmoja hali ya hewa ya kesho ambayo haikutangazwa kabisa.

"Shangazi, mbona hawakusema hivyo?"

"Kaniuliza," akanijibu. "Ningemwacha hivihivi?"

Sasa, mtangazaji alikuwa na kawaida ya kusema kwamba wanatangaza kwa masafa mafupi. Na kwenye michezo, sauti hiyohiyo ilisimulia habari za wakimbiaji, kwamba wapo wa masafa marefu na wapo wa masafa mafupi. Nilimuuliza shangazi tofauti yao. Akasema wa masafa marefu anakimbia hata wewe unachoka kumsubiri, wa masafa mafupi ana mbio sana, lakini usimtume mbali kama Isongole. Nikayaweka mambo haya mawili pamoja, na nakwambia sijawahi kuwa na uhakika wa kitu kama nilivyokuwa na uhakika wa hili. Redio yetu ilikuwa ya masafa mafupi. Haikuumbiwa safari ndefu. Ndiyo sababu ilikuwa inazimwa mabondeni: ilikuwa inapumzishwa.

Niliitunza vizuri zaidi baada ya kulijua hilo. Kazi yangu ilikuwa kuanika betri juu ya jiwe kila zikilegea, kuzigeuza kama mtu anayechoma mahindi, kisha kuzirudisha ndani moja moja, kichwa na mkia, kichwa na mkia. Fundi aliyekuwa akipita kijijini kutengeneza redio na saa alinionya kwamba moja tu ikikaa kinyume, zote nne hazifanyi kazi. Nililiweka hilo kichwani.

Halafu ikaja barua ya baba. Kasisi aliyetoka mjini ndiye aliyeileta. Shangazi aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaiingiza ndani ya mkoba nyuma ya redio. Siku hiyo aliimba sana. Kesho yake ndipo aliponiambia kwamba mama amepona, baba amepata nyumba, na shule inafunguliwa. Wanataka watoto wao wakae pamoja. Wanataka nikaanze darasa la kwanza Nanyala.

"Nanyala ni wapi?"

"Unapanda huku, unakatiza Umalila, unashuka mpaka kwenye barabara kubwa ya lami."

"Ni masafa mafupi au marefu?"

Aliniangalia kidogo. "Marefu. Kwa miguu yako hiyo ni siku mbili."

"Na redio tunakwenda nayo?"

"Lini umeniona naenda mahali bila redio?"

Nikalala usingizi mzuri sana. Mbele yangu mambo yote yalikuwa yamekaa sawa. Tungetembea, redio ingechoka katikati ya njia, shangazi asingekubali kuendelea bila redio, tungerudi nyumbani, na huko Nanyala wangeendelea na watoto wengine walio nao. Sikuwa na chuki na mama yangu. Nilikuwa tu simjui, na shangazi niliyekuwa naye alinitosha.

Tulitoka kulipopambazuka. Siku hizi gari linafika Ikinga, lakini enzi hizo mvua ikishakula barabara, gari lako ni miguu. Shangazi alibeba kikapu cha maharage na mkungu mdogo wa ndizi, mimi nilibeba ndala zangu mkononi ili zisichakae. Umande ulitulowesha mpaka magotini. Mpando wa kwanza ulikuwa wa taarifa ya habari, na mimi sikusikiliza habari hata moja. Nilikuwa nasikiliza kama redio inahema. Kila ilipokwaruza, moyo wangu uliruka kwa furaha.

"Unacheka nini?" shangazi akauliza.

"Sicheki."

Kadiri tulivyopanda, ndivyo ilivyozidi kupata nguvu. Tulipofika juu Umalila, kwenye mashamba ya pareto na viazi, ambako ukungu unatembea chini na watu wanavaa masweta mchana kweupe, ile redio ilikuwa inaongea kama haijawahi kutembea hatua moja. Ikakamata stesheni ambazo hatujawahi kuzisikia. Ikakamata Malawi, watu wanazungumza lugha ambayo shangazi alikuwa anaokota neno moja moja akinitafsiria, mengine kwa kubahatisha. Ikakamata Zambia. Alivuta antena yote mpaka mwisho, akazunguka nayo katikati ya viazi vya watu, uso umejaa furaha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tuta nikiichukia redio ile kwa moyo wangu wote.

Tulilala kwa rafiki yake, mama mmoja wa kwaya ya huko, akatupa viazi vya kuchoma na chumvi na chai ya rangi, moto wake ukatukausha. Wao wawili waliimbiana jioni yote. Asubuhi shangazi alipoinama mtoni kunawa uso, nilibaki na mizigo. Nilifungua kifuniko cha nyuma cha redio, nikaitoa betri ya tatu, nikaigeuza, nikaibana mahali pake. Kisha nikafunga kifuniko vizuri kabisa. Nilikuwa najua kufunga.

Mpando wa kwanza wa siku ile, redio kimya. Shangazi akakizungusha kigurudumu cha stesheni huku na kule. Kimya, hata mkwaruzo hakuna. Akaipigapiga ubavuni kama mtoto aliyepaliwa. Mwishowe akatua kikapu, akakaa juu ya jiwe kando ya njia, na mimi nikaona huo ndio wakati wangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu jana.

"Imechoka, shangazi."

"Imechoka?"

"Si ni ya masafa mafupi. Imejitahidi. Tuirudishe nyumbani ikapumzike."

Shangazi alikuwa mtu wa kucheka kila kitu. Alicheka hata msibani, pembeni, kwa adabu. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akaniuliza nani kaniambia masafa mafupi yanachoka, nikamweleza habari za wakimbiaji, nikamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema wasitumwe Isongole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kifuniko cha nyuma, akaona betri ya tatu kichwa chini miguu juu. Akaitoa polepole, akaigeuza, akairudisha. Hakuniuliza ni nani.

"Hutaki kwenda," akasema.

"Sitaki."

"Na mimi sitaki uende." Alikuwa anaangalia kule tulikotoka. "Lakini tunakwenda. Mama yako kakuzaa, halafu ugonjwa ukamnyang'anya. Mimi siwezi kuwa ugonjwa wa pili."

Nililia. Akaniacha nilie, akafungua redio kwa sauti ya chini, taarifa ya habari ikasomwa yote mpaka mwisho, na ilipokwisha nilikuwa nimebaki na kwikwi. Ndipo akaniweka redio mapajani, akanionyesha kile kitufe cha pembeni cha kubadilishia bendi.

"Sikia nikwambie. Hapa ni masafa ya kati. Haya yanaishia huko mjini Mbeya, milima yetu hayaiwezi. Hapa ni masafa mafupi. Hizi nyimbo zinazotoka Dar es Salaam, zinavuka mikoa yote ile mpaka zinatukuta Ikinga jikoni, zinapita hapa. Mafupi ndiyo yanayokwenda mbali."

"Sasa kwa nini wanayaita mafupi?"

"Aliyeyapa jina hajafika Ikinga," akasema, akajitwika kikapu chake.

Saa za mchana tukaanza kushuka. Niliiona lami kwa mara ya kwanza, na malori yamefuatana, na vumbi jeupe juu ya kila kitu, mapaa, majani, mbuzi. Mwanamume mmoja mweupe kuanzia nywele hadi viatu akaja mbio anatuelekea, nikajificha nyuma ya shangazi, kwa sababu nilidhani ni mtu aliyepakwa unga kwa adhabu. Alikuwa baba, ametoka kwenye chokaa. Mama alisimama mlangoni, mwembamba, anajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. Alinishika uso kwa viganja viwili akaniangalia kwa muda mrefu.

"Wifi," akasema, "umenitunzia."

"Nimemleta mzima pamoja na mdomo wake," shangazi akajibu. "Usije kusema sikukuonya."

Alikaa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi aliaga akaondoka, na nilipoingia ndani nikaona mkoba wa redio umetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda changu. Niliutwaa nikamkimbilia njiani nikipiga kelele kwamba ameisahau. Akasimama akaningoja.

"Sijaisahau. Ni ya kwako, isikilize."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa nasikiliza kwa mwinjilisti. Yeye ana redio kubwa kuliko hii. Jumapili wakati wa kwaya wewe sikiliza huku, mimi nasikiliza kule. Tutakuwa tunasikiliza pamoja."

Nilimwamini. Nyumba ya mwinjilisti wa Ikinga sikuwahi kuingia zaidi ya barazani, na kwa mtu mkubwa namna ile kuwa na redio kubwa lilikuwa jambo la kawaida. Akaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatembea bila ule mkoba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado unashuka pale kiunoni kana kwamba anaushikilia.

Sitasema nilizoea haraka, lakini nilizoea. Mama alikuwa mpole na alijua kuchekeshwa. Mdogo wangu alikuwa msumbufu wa kiwango cha kuridhisha. Na kila Jumapili, wengine wakiwa bado wanajinyoosha, nilikaa nje ukutani na redio mapajani nikisikiliza nyimbo zote, kwa sababu shangazi naye alikuwa anazisikiliza. Shida ya Nanyala haikuwa mabonde. Ilikuwa malori. Lori likipita, neno linakwenda nalo. Kuna wimbo mmoja nilioupenda sana, mtu anasema nitapanda milima, nitashuka mabonde, hadi... hapo lori likapita... nitafika. Ukapigwa tena wiki nyingine, lori jingine likapita palepale. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikajazia. Wala sikuhangaika kutafuta neno. Nilikuwa najua mtu akipanda milima na kushuka mabonde anafika wapi, nilikuwa nimefanya hivyo mwenyewe. Hadi Nanyala nitafika.

Shangazi alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, msimu wa kahawa, watu wa kwetu Ileje walipokuja huku Mbozi kuchuma. Alikuja kwa miguu, siku mbili zilezile. Akishakunywa maji na kumtania mama, aliniita, akalifungua daftari lake gotini, akachonga penseli.

"Haya, niimbie. Anza na za Pasaka. Nione kama ulikuwa unasikiliza."

Niliogopa kipimo kile kuliko mitihani yote ya shule. Nilisimama mikono nyuma nikaimba wimbo baada ya wimbo, naye akiandika. "Rudia hapo," alisema. "Sauti ya pili inashukaje? Polepole, usikimbie." Nilidhani ananisahihisha. Nilidhani yeye, aliyezisikia zote kwa mwinjilisti kwenye redio kubwa isiyo na malori, ananilinganisha na zile anazozijua, kwa hiyo mwaka mzima nilijitahidi nisipitwe na hata moja. Nilipoimba ule wa milima na mabonde, penseli ilisimama. Akaniangalia.

"Hapo wanasemaje?"

"Hadi Nanyala nitafika."

"Rudia."

Nikarudia. Aliinamisha kichwa akaandika, na mimi nikajua nimepata.

Hayo yote nilikuwa nimeyaweka hivyo kichwani, yamenyooka, mpaka mwaka jana. Nilikwenda Ikinga kwenye sikukuu ya mavuno na watoto wangu. Tulikaa benchi la nyuma, karibu na mke wa mwinjilisti yule wa zamani, sasa bibi mzee sana na mjane. Kwaya ikasimama, wasichana ambao mama zao ndio waliofundishwa na shangazi. Wakaanza: nitapanda milima. Nikafurahi, nikaanza kuimba nao kimyakimya. Nitashuka mabonde. Wote wakainua mikono juu, macho kwenye paa, kwa utukufu mkubwa: hadi Nanyala nitafika.

Binti yangu akanifinya. "Mama, wamesema Nanyala? Ya kule kwa babu?"

Nilikuwa mtu mzima tayari nilipogundua kwamba neno lile ni Sayuni. Nililisikia kwenye redio ya jirani, nikacheka peke yangu, nikasahau. Sikujua kwamba kuna watu wanaoimba lile la kwangu. Nikamwinamia yule bibi nikamuuliza kwa sauti ya chini Nanyala ni wapi.

"Watoto wanasema ni mbinguni," akasema. "Mimi kwenye Biblia sijawahi kuiona. Lakini mzee wangu alisema yawezekana iko Agano la Kale."

"Mama, mzee si alikuwa na redio kubwa? Shangazi alikuwa anakuja kusikiliza kwenu."

Akanishangaa. "Redio? Redio hapa ilikuwa moja, ya shangazi yako. Ulipoondoka nayo tulikaa miaka hatujui hata nani kawa waziri. Nyimbo mpya tulikuwa tunangoja arudi kutoka kahawani."

Mahubiri ya siku ile sikuyasikia. Nilikuwa nahesabu zile safari zote, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, na mimi nimesimama mikono nyuma nikiogopa kukosea, mbele ya mtu ambaye hakuwa amesikia wimbo hata mmoja. Nilikuwa nadhani nafanyiwa mtihani, kumbe mimi ndiye niliyekuwa redio.

Baada ya ibada nilimkuta shangazi nyumbani kwake, magoti yamemkatalia kufika kanisani, anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa karibu yake, nikaanza kuchambua naye.

"Shangazi, mwinjilisti alikuwa na redio kubwa?"

"Alikuwa na kofia kubwa," akasema bila kuinua macho. "Redio hakuwa nayo."

"Uliniambia anayo."

"Ungeipokea, kama nisingesema?"

Nisingeipokea, na alinijua.

"Na ule wimbo je? Ni Sayuni, shangazi. Lori lilipita, nikajazia."

"Najua ni Sayuni. Sayuni naijua tangu hujazaliwa."

"Sasa mbona uliwafundisha vile?"

Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Nilijaribu kuwafundisha ile ya Sayuni. Kila nikifika pale mdomo wangu unakwenda Nanyala. Wao walikuwa wanaimba habari za mbinguni, sawa. Mimi pale nilikuwa naja kwako. Basi nikaacha."

Nilimlalia begani mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu, na yeye akaendelea na maharage yake kwa sababu jua lilikuwa linaondoka.

Basi juzi, pale sakafuni, nilimtuma binti yangu dukani akaniletea betri nne mpya. Nikazipanga kichwa na mkia, kichwa na mkia. Nikafungua redio. Haikusema kitu, hata mkwaruzo. Nikavuta antena, nikatoka nayo mpaka barazani, mteja wangu akinifuata kwa macho. Hakuna. Nikachukua simu nikampigia shangazi.

"Nimeipata ile redio."

"Inakamata?"

"Haikamati, shangazi. Imekufa kabisa."

Nikasikia anasogeza kigoda, anakaa.

"Basi imba wewe," akasema. "Nasikiliza."

Mteja alikuwa bado ananingoja na gauni lake lisilo na mikono. Nikaweka mkasi chini, nikaanza na milima, nikashuka mabonde, na nilipofika pale nikasema Nanyala.